Nyasi Chini ya Kitambaa cha Malvina

Jumanne, tarehe 24 Desemba 1996. Asubuhi kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Hakukuwa na upepo. Theluji nyepesi ilianguka tangu alfajiri hadi saa nne, kisha ikakoma, na mbingu ikabaki nyeupe kama maziwa yaliyozidishwa maji. Moshi wa kila nyumba ulipanda wima juu ya misonobari na kusimama hapo, kana kwamba haujui pa kwenda.

Malvina Kuklierienė aliamka saa kumi na moja alfajiri bila kuamshwa na kengele. Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji kwa miaka thelathini na mmoja, na ingawa alistaafu miaka minne iliyopita, mwili wake haujapata habari. Aliwasha jiko kubwa la matofali, akavaa aproni ya bluu, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, akapakata bakuli la udongo lenye mbegu za popi zilizolowekwa tangu jana. Akaanza kuziponda kwa mchi mfupi wa mti wa mtufaha.

Kazi hiyo haihitaji nguvu, inahitaji muda. Mbegu za popi ni ndogo kuliko chembe za mchanga, na ukizipa haraka zinakupa maji ya kijivu. Ukizipa saa mbili, zinatoa tui jeupe lenye harufu ya kokwa na ya usingizi. Binti yake aliwahi kumletea mashine ya kusagia. Mashine imo kabatini, safi, imefunikwa kitambaa. Malvina husema kwamba mashine haijui lini iache.

Nilifika saa nne, theluji ikiwa inakoma. Naishi nyumba ya pili, na ua unaotutenganisha una pengo ambalo hakuna aliyewahi kuliziba. Kijijini kwetu mtu haachwi ale mkesha wa Krismasi peke yake, hata kama mwaka mzima mmenuniana, na sisi hatujawahi kununiana. Nilileta kaki nyeupe, ule mkate mwembamba wa kumegeana usiku wa mkesha, niliyochukua kanisani kwa ajili ya meza yao, na uyoga mkavu gunia dogo. Malvina alikuwa bado anaponda. Aliniambia nivue viatu, nikae, nisiseme kwanza, maana alikuwa akihesabu. Alipofika mia akapumzisha mkono, akatazama dirisha. Tui bakulini na theluji kwenye kioo vilikuwa rangi moja. Alikaa akivitazama kwa zamu, kimoja halafu kingine, mpaka nikadhani amesinzia macho wazi.

Nyuma ya jiko, kwenye lile pengo lenye joto ambamo watu huweka mabuti yakauke, kulikuwa na kifurushi kirefu cha gazeti kilichofungwa uzi. Sikuuliza. Nilijua ni nini.

Siku kumi na moja nyuma, Malvina alikwenda kwa jirani yetu Liudas, mwenye farasi, akaomba nyasi kavu, kiasi cha kukumbatiwa na mtu mmoja. Hilo si ajabu. Kila nyumba hutandaza nyasi chini ya kitambaa cha meza ya mkesha, kwa sababu ya hori la Bethlehemu. Ajabu ni kwamba alizimwaga juu ya meza ya jikoni, akavaa miwani, akazipekua unyasi mmoja mmoja. Nilipoingia aliniambia anatafuta vijiti vya mnanaa wa porini ili zinukie. Lakini nilikaa pale karibu saa nzima nikimenya vitunguu, nikaona anavyofanya. Kila unyasi aliulaza juu ya mkono wake kuanzia ncha ya kidole. Uliofika kwenye kiwiko aliuweka kulia. Ambao haukufika aliudondosha kwenye ndoo.

Mlo wa mkesha ukiisha, kila aliye mezani hupenyeza mkono chini ya kitambaa na kuvuta unyasi mmoja bila kutazama. Mrefu ni miaka mingi. Mfupi, basi. Tunacheka tunapofanya hivyo. Ila sijawahi kumwona mtu anayecheka kabla hajautazama wake.

Malvina alikuwa na sababu ya kuziogopa fupi. Mumewe Zenonas alirudi kutoka hospitali ya Alytus mwezi Oktoba, moyo wake ukiwa umefunguliwa na kushonwa. Daktari alisema kazi imekwenda vizuri, kinachobaki ni mgonjwa mwenyewe kutaka. Na Zenonas hakuonekana kutaka. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, shali magotini, akiitazama mizinga yake tisa ya nyuki iliyojipanga chini ya mitufaha, kila mmoja na kofia yake ya theluji. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mpole, anakula anachopewa, anashukuru. Upole huo ndio uliomtisha Malvina, maana aliolewa na mtu mbishi.

Mtu huyo kwa miaka arobaini hakupitisha jioni ya majira ya baridi bila kusema habari za majira ya joto. Mti gani utachanua kwanza, mzinga gani utagawanyika, nani kijijini ataomba kundi. Daftari lake la mizinga lilikaa kwenye ubao wa dirisha, na kila wiki aliandika humo. Tangu Oktoba halijafunguliwa. Mwezi Novemba alimwita Liudas, akampa mizinga yote, hakutaka kitu. Nyuki wenyewe wangehamishwa barafu ikiyeyuka, lakini masanduku matupu, fremu na mashine ya kukamulia asali Liudas angekuja kuvichukua kwa sleji, gari lake la kuteleza juu ya theluji, siku ya pili ya Krismasi. Yaani keshokutwa.

Malvina alijaribu kulisema jambo hilo mara moja tu. Zenonas alimjibu kwamba amechoka kidogo, akafumba macho. Tangu hapo hakulisema tena kwa mdomo. Alikwenda kuomba nyasi.

Binti yao Vilija aliwasili kwa basi la saa nane, mashavu mekundu, na mfuko wa machungwa madogo na samaki wa heringi. Anashona mapazia mjini Alytus na ni mwepesi wa maneno, kama baba yake alivyokuwa. Jiko lilijaa mvuke na vishindo. Malvina alikata vimkate vya mkesha, kila kimoja kidogo kama ncha ya kidole gumba, akavipanga kwenye sinia za kuokea kwa mamia, na Vilija akamuuliza kama wanategemea kikosi cha jeshi. Mama akamwambia ale yeye, kwa kuwa huko mjini amekonda mpaka kola ya koti inamtafuta shingo. Vilija akasema hiyo ndiyo mitindo. Mama akasema hata kuku wa mwaka wa njaa walikuwa na mitindo hiyo.

Mimi nilikunja vidonge vya unga vyenye uyoga ndani, vile vya kuelea kwenye supu nyekundu ya bitiruti, na kama kawaida Malvina alivikunjua vyangu na kuvikunja upya bila kusema neno. Nimevizoea vidole vyake. Havina haraka. Vinajua joto la unga kabla ya yeye mwenyewe kujua. Shuleni, watu wanasema, aliweza kupitisha sahani mia mbili dirishani na kukumbuka mtoto yupi hali karoti na yupi mama yake amelazwa, ili huyo aongezewe.

Ilipofika saa tisa na nusu tulianza kuhesabu. Vyakula vya mkesha ni kumi na viwili, visivyo na nyama wala maziwa ya ng'ombe wala mayai. Heringi, supu, uyoga na vitunguu, maharage, ngano ya asali, samaki wa mto kwenye mchuzi ulioganda, uji mwekundu wa matunda ya kinamasi, na vingine. Tulihesabu kumi na kimoja. Tukarudia, kumi na kimoja. Malvina alishika kichwa. Vilija akasema tuite maji chakula.

"Mkate," ilisema sauti ya dirishani. "Kila mwaka mnausahau mkate."

Zenonas hakugeuka aliposema hivyo. Lakini yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu chai ya asubuhi, na Malvina alikaa muda akiwa ameshika kisu, kama anayengoja yafuatwe na mengine. Hayakufuata. Akaukata mkate.

Kisha akavuta kile kifurushi kutoka nyuma ya jiko. Alikata uzi, na harufu ikatoka taratibu, ikatufikia mmoja mmoja: malisho ya mto Merkys mwezi wa saba, mnanaa, jua, nguo zilizoanikwa. Vilija aliacha kusugua sufuria. Malvina alitandaza nyasi juu ya meza kwa viganja vyote viwili, nyembamba na sawasawa, kama anayemfunika mtoto. Zilikuwa za dhahabu, ndefu, zote zimelala upande mmoja. Juu yake akashusha kitambaa cheupe cha kitani alichofuma mama yake. Akaweka sahani tano. Ya tano ilikuwa ya dada yake Zenonas, aliyetutoka mwezi wa Februari. Hiyo haikuwekewa kijiko. Iliwekewa mshumaa na tawi dogo la msonobari.

Hatuli mpaka nyota ya kwanza ionekane. Tulikaa gizani tukingoja, maana Malvina hataki taa iwashwe kabla. Jiko lilinong'ona. Nje theluji ilikuwa ya zambarau, halafu ya bluu. Katika saa ile mtu hajui kama dakika zinapita au zimekaa nasi chumbani. Vilija alisema ameiona nyota, kule chini ya mti. Baba yake akasema hiyo ni taa ya zizi la Liudas, ambaye hata Mwokozi akizaliwa kwake atamkuta amesahau kuizima. Malvina alicheka gizani, kicheko kifupi. Saa kumi na nusu nyota ikatokea kweli, juu ya mzinga wa tatu, ndogo, yenye baridi.

Tulimega kaki nyeupe, kila mmoja akivunja kipande kwa mwenzake na kumtakia heri. Malvina alipofika kwa mumewe sikusikia alichomtakia. Niliona tu kwamba Zenonas aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kuongezewa supu. Tulikula polepole, tukionja kila kitu, kwani anayeacha chakula kimoja huacha mwezi mmoja wa mwaka. Vimkate vilielea kwenye tui la popi vikalainika. Ladha yake siwezi kuieleza kwa asiyeijua. Ni kama kula kitu ulichokiota. Zenonas alikula bakuli zima, na mkewe alimtazama kijiko kwa kijiko.

Ikafika zamu ya nyasi.

Zenonas ndiye mkubwa, kwa hiyo alianza. Aliingiza mkono chini ya kitambaa mbele ya sahani yake. Malvina alikuwa ametulia, karibu kutabasamu. Alikuwa na hakika. Ukasikika mlio mdogo sana, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti katika chumba cha pili. Mkono ulipotoka, kati ya vidole kulikuwa na kipande cha unyasi kisichozidi ukucha na nusu.

"Basi," alisema Zenonas. Akakilaza kando ya kijiko chake, taratibu, kama mtu anayeweka miwani mezani kabla ya kulala.

Vilija alisema haraka kwamba huo ni mchezo tu, kwamba mwaka juzi yeye alivuta mfupi na mbona yupo, tena na kola inamtafuta shingo. Hakuna aliyecheka. Mshumaa wa sahani ya tano uliinama kidogo, ukasimama. Malvina alikuwa ameukazia macho ule unyasi.

"Huo si mfupi," alisema. "Hakuna mfupi humo. Nilizitoa zote."

Binti yake hakuelewa. Basi Malvina akasema, akiwa ameinamisha uso kwenye kitambaa: jinsi alivyozipima kwenye mkono, siku tatu, jinsi zilizopungua kiwiko zilivyokwenda kwenye ndoo na ndoo ikaenda bandani. Alisema kama anayeungama, bila kujitetea. Zenonas alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza alizihifadhi wapi.

"Nyuma ya jiko."

"Siku ngapi?"

"Nane."

Mabega ya Zenonas yakaanza kutikisika. Nilidhani ni moyo, na Vilija alikwisha kunyanyuka nusu kwenye kiti. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu na sauti, mkono umeshika kifua mahali paliposhonwa.

"Siku nane nyuma ya jiko, Mama Vilija," alisema. "Hata mimi ningekatika."

Kila mtu anayetandaza nyasi anajua hilo. Nyasi za mezani hukaa bandani kwenye baridi, zikaletwa dakika ya mwisho zikiwa na unyevu kidogo, ndipo zinavutika bila kukatika. Malvina alijua pia, ametandaza nyasi kwa miaka arobaini. Ila safari hii aliziogopea ukungu, akataka ziwe kavu, safi, zisizo na dosari yoyote.

"Nilitaka zinukie," alisema.

"Zinanukia. Tangu umefungua gazeti niko kule mtoni." Akafuta macho kwa shali. "Na nilikuona unavyopima. Unadhani kutwa natazama dirishani? Kioo kikiwa na giza nyuma yake, jikoni kote naona."

Vilija akasema basi avute mwingine. Zenonas akakataa, havuti mtu mara mbili, na hilo Malvina aliliunga mkono. Lakini aliweka kiganja chake juu ya kitambaa, mbele ya sahani ya mumewe, mahali ule unyasi ulipokatikia.

"Havuti tena. Ila wa kwanza hakuumaliza. Uliobaki umo humu." Akashusha sauti. "Zenonas, usimpe Liudas ile mashine."

"Nani ataizungusha? Nimekatazwa hata ndoo ya maji."

"Mimi. Nimekoroga uji wa watoto mia mbili miaka thelathini na mmoja. Pipa la asali litanishinda?"

"Wewe unaogopa nyuki."

"Naogopa. Sijasema siogopi."

Zenonas alivuta bakuli, akaokota vimkate viwili vya mwisho vilivyobaki chini, akavitafuna kwa muda mrefu kuliko vilivyostahili. Sisi wengine tulivuta nyasi zetu, na zote zilikatika, wa Vilija katikati, wangu karibu na kichwa, wa Malvina vipande vitatu. Hapo tulicheka sote, hata yeye.

Kisha Zenonas akasema kwamba saa hizi, miaka yote, yeye hutoka kuwajulisha nyuki kwamba sikukuu imefika. Mwaka huu hawajaambiwa. Baridi ile daktari amemkataza.

"Nenda wewe," alimwambia mkewe. "Gonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Weka sikio. Halafu uje uniambie kila mmoja umesemaje. Usije ukaniambia 'wazima tu.' Nataka mmoja mmoja."

Malvina huwa haikaribii mizinga ile. Nyuki walimuuma usoni mwaka alipokuwa na mimba ya Vilija, akavimba hadi macho yakafungwa, na tangu hapo njia yake ya kwenda kisimani huzunguka bustani yote. Aliniomba nimshikie taa. Tulitoka kabla ya saa mbili. Theluji ililia chini ya mabuti. Nyota sasa zilikuwa nyingi mno, na kimya kilikuwa cha aina ile inayofanya mtu ahisi anatembea ndani ya kitu, si juu yake.

Mbele ya mzinga wa kwanza alisimama muda. Akasogeza kilemba, akatoa sikio, akagonga kama anayebisha hodi kwa mwalimu mkuu. Akainama. Nikamwona uso unabadilika.

"Wamo," alininong'oneza. "Wanaongea."

Alikwenda mzinga hadi mzinga. Kwa kila mmoja aliwaambia jambo kabla ya kugonga, sikusikia nini, na mimi nilitazama pembeni. Kwenye wa saba alikaa sana. Kwenye wa tisa aligonga, akasikiliza, akainuka mara moja akiwa na hofu: walivuma kidogo tu, wakanyamaza. Aligonga tena. Ikawa vilevile. Sikio lake lilikuwa jekundu kama bitiruti.

Aliporudi ndani alisimama mbele ya kiti cha mumewe na kutoa taarifa yake kama alivyokuwa akimtolea mkaguzi wa shule. Wa kwanza wanavuma kwa chini. Wa pili vivyo hivyo. Wa nne wako upande wa kushoto wa sanduku. Wa saba wanalia, wanaendelea, hawaachi, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Wa tisa wanasema neno moja na kunyamaza, anadhani hao wanakufa.

"Hao wa tisa ndio wazima kuliko wote," alisema Zenonas. "Umewauliza, wamekujibu, wamerudi kulala. Mwenye malkia hana haja ya kupiga kelele." Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, haegemei tena. "Lakini wa saba wanalia. Una hakika hawaachi?"

"Nilihesabu hadi mia."

Alimuuliza mengine, kama sauti ilitoka juu au chini, kama aliona nyuki waliokufa mlangoni. Malvina alijibu yote. Habari za Liudas na mashine hazikutajwa. Niliaga. Meza iliachwa kama ilivyo, vyakula, mshumaa uliozimwa, kijiko cha kila mmoja kimeegemea ukingo wa bakuli lake, maana usiku ule waliotangulia huja kuonja, na kijiko kinachokutwa kimeanguka huwa na maana ambayo hakuna anayeitamka.

Asubuhi ya Krismasi niliamka saa mbili, kungali giza la kijivu, nikaenda kurudisha taa. Nilimkuta Malvina amesimama peke yake mbele ya meza. Vijiko vyote vilikuwa mahali pake. Kando ya kile cha Zenonas lilikuwapo daftari la mizinga, wazi, na penseli juu yake. Alinisogezea nisome, kwa kuwa miwani yake haikuwapo, au alisema hivyo. Mwandiko ulitetemeka kidogo. Chini ya tarehe ya jana, mzinga kwa mzinga, yalikuwamo maneno ya Malvina karibu yote kama alivyoyasema. Mstari wa saba ulisema: *Wanalia bila kuacha. Malvina amehesabu hadi mia. Tuufungue siku ya kwanza yenye joto, mwezi wa Aprili.*

Aliniomba niusome tena ule wa saba. Nikausoma.

Basi aliondoa vyombo, akakunja kitambaa pembe kwa pembe, na kwa mkono akapekua nyasi mahali pale alipoweka kiganja jana. Akaupata. Akachukua kile kipande kidogo, akavilaza viwili kwa pamoja juu ya mkono wake kutoka ncha ya kidole: vilipita kiwiko kwa upana wa vidole vitatu. Akavitia ndani ya daftari, akalifunga, akalirudisha kwenye ubao wa dirisha.

Nyasi zilizobaki, hata zilizogeuka vumbi, alizikusanya kwenye aproni, akavaa mabuti ya mumewe na kuvuka barabara hadi kwa Liudas, kama kila nyumba inavyowapelekea mifugo nyasi za meza asubuhi ya Krismasi. Farasi alizila kiganjani mwake. Liudas alimwambia kesho atafika mapema na sleji. Malvina akamwambia afike mapema, ndiyo, kuna bata, lakini sleji aiache nyumbani. Kisha alirudi, akipita katikati ya mizinga na si kuizunguka, akaingia jikoni na kukata soseji, kwa kuwa mfungo ulikuwa umekwisha na mumewe alikuwa ameamka na anauliza kuna nini cha kula.